Pindo na Bawa la Kioo

Alikwenda kwa shemeji yake kupeleka ovaroli mbili alizozitia viraka vya magoti, basi. Hakuwa na nia ya kukaa. Lakini alipofika mlangoni mwa banda alimkuta shemeji ameinama juu ya meza ndefu, mkasi mkononi, anakata kitambaa cheupe kinachong'aa, na kila akikata, kitambaa kinavutika upande na nyuzi zinachomoka pembeni kama ndevu za mahindi. Mkato wa kwanza akauvumilia. Wa pili pia. Wa tatu ukamshinda.

"Shemeji, hicho kitambaa kimekukosea nini?"

"Kinanitesa," shemeji akajibu bila kuinua kichwa. "Si kitambaa cha kawaida hiki. Ni kioo."

"Kioo kipi? Cha dirisha?"

"Ndugu yake. Kimeyeyushwa, kikavutwa nyuzi, nyuzi zikafumwa."

Mwanamke huyu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ilikuwa imepita mbele ya cherehani, katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, akishona sare za wanafunzi na za wauguzi. Watu walimwita Pindo kwa sababu hakuwahi kumruhusu mteja kuondoka na nguo ambayo pindo lake limekwenda mrama hata kwa upana wa uzi. Mteja akilalamika kwamba anachelewa harusini, Pindo alimwambia akae, maharusi wenyewe bado wanavaa. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba kila aina ya kitambaa imeshapita mikononi mwake. Akaziweka ovaroli kwenye kiti, akakigusa kile cheupe. Kilikuwa laini kama hariri, lakini baridi, na kizito kuliko kilivyoonekana.

"Mchoro unasema nikikate kwa nyuzi arobaini na tano," shemeji alieleza.

"Nyuzi za kitambaa?"

"Nyuzi za pembe, shemeji."

"Aa, mshazari. Si ungesema mshazari." Akamnyang'anya mkasi, akaupima makali kwa kidole, akaurudisha mezani. "Huu ni wa kukatia bati. Nisubiri."

Alirudi na mkasi wake mkubwa, ule ambao mumewe alikatazwa kuugusa hata kwa kukatia karatasi. Akakilaza kitambaa bila kukivuta, akakinyoosha kwa kiganja, akakata moja kwa moja kutoka pembe hadi pembe. Hakuna uzi uliochomoka. Shemeji alimtazama mpaka akamaliza, kisha akasema polepole, "Miaka minne nahangaika na kitu hiki."

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mumewe, fundi wa injini za malori, mtu wa maneno machache aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwa miaka hiyo minne alikuwa akiunda ndege ya watu wawili ndani ya banda lake, kwa michoro aliyoagiza kwa posta. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimesimama kwenye vigingi, kirefu, chembamba, hakina mabawa, na majirani walikuwa wamekiita Jeneza. Nyumbani kwa Pindo habari za ndege hiyo zilizungumzwa kwa sauti ya chini, kama zinavyozungumzwa habari za ndugu mwenye maradhi, na yeye hakuwahi kuuliza lolote. Sasa aliuliza yote kwa mkupuo.

Shemeji akamwonyesha. Bawa huanza na povu gumu, jepesi kama mkate mkavu, lililokatwa umbo lake kwa waya wa moto. Juu yake unalaza kitambaa cha kioo, unakilowesha kwa resini, gundi nzito ya rangi ya asali iliyochanganywa na kigumishi.

"Povu peke yake unalivunja kwa kidole," alisema. "Kitambaa peke yake unakikunja ukatia mfukoni. Vikishikana na resini, unasimama juu yake na viatu."

Akavaa glavu, akapima resini na kigumishi kwenye mizani ndogo, akakoroga, akamimina juu ya kitambaa walichokata, kilicholazwa kwenye kipande cha povu, na kuanza kuisambaza kwa kipande cha plastiki. Pindo akasogeza uso. Pale resini ilipopita, weupe uliondoka. Kitambaa kikatoweka, likabaki povu la chini likionekana wazi, kana kwamba hakuna kilichowekwa juu yake.

"Kimekwenda wapi?"

"Kipo palepale. Kikilowa sawasawa hakionekani. Ukiona weupe, ujue hapo kuna hewa."

Siku ile wakati wa chakula alimuuliza mumewe, karani mstaafu wa posta, kwa nini kitambaa cheupe kikilowa kinapotea machoni. Mume akafikiri huku akitafuna. "Sijui," akasema, "lakini mimi sitaki unishonee suruali ya hicho."

Basi Pindo akawa mtu wa bandani kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kukata, lakini macho yake hayakutulia kwenye kukata. Siku moja mteja alimwita shemeji nje, na shemeji akaacha kikombe cha resini, kimejaa, mkononi mwa Pindo. Akahisi uvuguvugu. Kisha joto. Dakika chache baadaye hakikushikika tena. Akakikimbiza nje akakiweka mchangani, akasimama mbali. Kikombe kikalegea, kikapinda, moshi ukatoka, na resini ikapasukapasuka ndani yake ikawa jiwe la rangi ya kahawia.

"Lakini hakuna aliyewasha moto," alimwambia shemeji aliporudi.

"Vitu viwili hivyo vikikutana vinatoa joto vyenyewe. Vikiwa vingi mahali pamoja, joto halina pa kutokea, linazidi kuvichochea."

Maelezo yalikuwa mazuri, ila Pindo alitaka kuona kwa macho yake. Jumamosi iliyofuata alipima vipimo vitatu vilivyo sawa: kimoja akakiacha ndani ya kikombe chembamba, cha pili akakimimina kwenye sahani bapa, cha tatu akakipaka kwenye ubao. Akakaa na saa, akiandika katika daftari lake la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Cha kikombe kiliungua. Cha sahani kilipata vuguvugu tu. Cha ubao hata hakikuonyesha kama kina habari. Tangu hapo hakuna tone lililochanganywa katika kikombe kirefu bandani humo; walichanganya kidogokidogo na kumimina haraka kwenye sinia. Na daftari likaendelea kujaa: joto la siku, saa ya kukoroga, saa ya kuganda, na alama za kuuliza.

Walikuwa wanajiandaa kuanza mabawa shemeji alipopatwa na mkasa. Kwanza alijikuna vifundo vya mikono akasema ni vumbi la msasa. Wiki iliyofuata vipele vikapanda hadi viwikoni. Asubuhi moja Pindo alimkuta amekaa kwenye ngazi, macho yamevimba hata hayafunguki, anapumua kwa shida. Wakampeleka hospitali, yeye na mumewe. Daktari wa ngozi aliuliza kazi yake, akauliza miaka mingapi amekuwa akishika resini bila glavu, na shemeji akakiri kwamba miaka miwili ya mwanzo hakuvaa chochote.

"Mwili wako umeikataa," daktari akasema. "Na ukishaikataa, haubadilishi mawazo. Usiiguse tena, na usikae pale inapokorogwa."

Wakamrudisha shemeji. Alipofika nyumbani alifunga banda kwa kufuli. Siku ya tatu alimtuma kaka yake amtafutie mtu wa kulichukua Jeneza, hata kwa vipuri.

Pindo ndiye aliyekwenda kwake badala ya mumewe. "Nipe ufunguo," alisema.

"Shemeji, imekwisha."

"Kilichokwisha ni wewe kushika. Mimi mwili wangu bado haujaikataa. Utakaa nje ya dirisha, usome mchoro kwa sauti, mimi nifanye."

"Ile si gauni. Mtu anaingia ndani yake, anakwenda juu."

"Najua haishuki kwa ngazi. Nipe ufunguo."

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupenda, na hakuficha. "Nimeoa fundi cherehani," alisema, "sasa naambiwa nina fundi ndege. Ukianza kujikuna, hata kidogo, unaacha siku hiyohiyo. Niahidi." Akaahidi, na ahadi hiyo aliichukulia kama kipimo cha kazi. Alijishonea koti la mikono mirefu lenye mpira kwenye vifundo, akavaa glavu mbili mbili na barakoa ya vichujio, akatoboa madirisha mawili zaidi bandani. Tone likidondoka kwenye ngozi, kazi inasimama, anaosha kwa sabuni na maji.

Mabawa yalichukua miezi saba. Shemeji alikaa kwenye kiti upande wa upepo unakotoka, mchoro mapajani, akisoma. "Tabaka la tatu, mshazari wa kushoto." Pindo analaza. "La nne, mshazari wa kulia." Analaza, analowesha, anafukuza hewa kwa plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, jinsi anavyofukuza mikunjo kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Juu ya yote waliweka kitambaa chembamba ambacho hubanduliwa resini ikiganda ili kuacha uso mkavu wenye kushika. Pindo alikivuta, akakisugua vidoleni, akacheka. Kilikuwa sawa kabisa na bitana ya suti.

Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga alikuja mabawa yote mawili yalipokuwa tayari. Alikuwa mzee mfupi mwenye begi la ngozi, na alitarajia kuzungumza na mwanamume. Shemeji akamwelekeza kwa Pindo. Mzee akamtazama, akatoa sarafu mfukoni, akaanza kuligonga bawa la kulia, kidogokidogo, sikio likiwa karibu. Ti, ti, ti, ti. Karibu na ncha, sauti ikabadilika. Tu.

"Hapa pana uwazi," akasema. "Kitambaa hakikushika povu. Upana wa kiganja."

Shemeji aliinamisha kichwa. Pindo akasogea. "Gonga tena, baba. Nataka kusikia." Mzee akagonga. Pindo akafumba macho. "Tena, toka pembeni uje katikati." Akagonga tena, na tena, mpaka Pindo akanyoosha kidole na kuweka alama ya chaki mahali uwazi ulipoanzia na ulipoishia, macho yamefumbwa. Mzee akalinganisha. Chaki ilikuwa mahali pake.

"Kata, piga msasa, weka upya," akasema akifunga begi. "Kingine sikuona. Nitarudi baada ya mwezi."

Mkaguzi alipoondoka Pindo alichukua sarafu yake mwenyewe na kuanza upya, mabawa yote mawili, juu na chini. Ilimchukua siku tatu. Siku ya tatu, chini ya bawa la kushoto, mahali mzee alipokwisha kupapitisha, aliisikia. Tu. Ndogo, kama kifungo cha koti. Akagonga mara ishirini akitumaini masikio yanamdanganya.

"Mkaguzi amelipitisha hilo," shemeji alisema dirishani, taratibu.

"Alilipitisha kwa sababu hakuisikia."

"Ukimwambia atakagua kila kitu upya. Tutapoteza miezi."

"Shemeji, nani atakaa juu ya bawa hili?"

Shemeji akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu, akampa.

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Miaka yangu yote ya kazi," akasema, "watu hunificha. Sijawahi kupigiwa simu kuambiwa nimekosea." Alirudi wiki ileile, akagonga, akakubali, na kweli akakagua kila kitu upya.

Pindo hakuridhika kutengeneza tu. Alitaka kujua kwa nini. Alifungua daftari kwenye kurasa za siku mbili alizolaza sehemu hizo, na jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake. Zote zilikuwa siku za joto kali, na mara zote mbili sehemu hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye sinia, resini imeshaanza kuwa nzito, haikupenya tena kwenye kitambaa. Akakata sehemu mbovu, akapiga msasa mpaka pembeni pakawa na mteremko mrefu, akalaza viraka, kila kimoja kikubwa kuliko cha chini yake. Akaandika kanuni mpya kwenye ukuta wa banda: resini ikipata vuguvugu, imwagwe.

Kisha likaja jaribio la uzito. Walilipindua bawa, wakalifunga kwenye fremu ya chuma, wakapanga mifuko ya mchanga juu yake, mmoja mmoja, hadi idadi iliyotakiwa na mchoro. Mume wa Pindo ndiye aliyebeba mifuko; alisema kama litavunjika anataka awe shahidi. Bawa likapinda. Likalia mara moja, mlio mkavu. Halafu likatulia hivyohivyo, limepinda kama upinde. Walipoondoa mifuko, likarudi lilipokuwa. Mume alilizunguka, akaweka kiganja juu yake. "Hili umelishona vizuri," akasema.

Rubani mzoefu wa uwanja mdogo nje ya mji ndiye aliyeirusha kwanza, akaikamilishia saa zake za majaribio. Shemeji alikuwa ameshapata leseni yake ya urubani, na resini iliyokauka kabisa haikumdhuru, kwa hiyo mwaka uliofuata akaanza kuirusha mwenyewe. Asubuhi moja ya Jumapili, baada ya kuomba mara tatu na kukataliwa mara tatu na mumewe, Pindo alipanda kiti cha pili kwa ruhusa iliyotolewa shingo upande.

Walikaa hewani dakika arobaini. Waliposhuka mume alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja, mikono mfukoni.

"Nyumba yetu umeiona?" akamuuliza.

"Sikuangalia chini."

"Dakika zote hizo ulikuwa unaangalia nini?"

"Bawa. Ncha yake inapanda kidogo tukiondoka ardhini, kama vidole vinne hivi, halafu inabaki hukohuko juu mpaka tunatua. Kuna mahali pa upepo mbaya inatetemeka, lakini ncha tu, katikati haitetemeki. Nataka kujua kwa nini." Akavua kofia, akamgeukia shemeji aliyekuwa akizuia magurudumu kwa kabari. "Jumapili ijayo una nafasi? Safari hii nitaangalia nyumba."