Dawa Iliyochemshwa Malaba

Harufu ya stovu ya mafuta ya taa bado hunikasirisha, hata jirani anapochemsha chai tu.

Dada yangu mdogo alizaliwa na damu isiyoweza kumkinga na magonjwa. Kila mwezi masikio yalitoka usaha na kifua kikabana. Daktari mmoja upande wa Uganda alitupatia dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu wenye afya, adungwe kila mwezi karibu na nyumbani. Mama aliivusha mpakani ikiwa ndani ya thamosi yenye barafu, akamwonya dresa, mhudumu wa zahanati yetu ya Malaba, kwamba isiguse moto.

"Mama, hapa hakuna kitu inaingia mwilini bila kuchemshwa," alisema dresa, akaitumbukiza ile chupa ndogo kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka juu ya stovu, pamoja na sindano.

"Lakini daktari amesema..."

"Nani amesomea hii kazi? Wewe ama mimi?"

Mimi, wa kwanza darasani, nilishika karatasi ya daktari na nilikuwa nimeisoma yote. Nilitazama koti lake jeupe, nikanyamaza kwa adabu, adabu ileile iliyonipandisha hadi chuo kikuu. Dawa ikaganda nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Dresa akaitupa.

"Hizi vitu za Uganda ni mbovu," alisema.

Nyingine ingepatikana baada ya mwezi mzima. Mama aliketi sakafuni. Dada yangu, aliyeogopa sindano kuliko nyoka, alipoelewa kwamba leo hadungwi, alipiga makofi na kucheka.