Mto Nilioambiwa Niuchome

Nilikuwa yaya kwenye nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba la pareto upande wa Njoro, na nilijiona mtu. Nilivaa aproni nyeupe, nilijua hadi kupiga pasi soksi, na jioni nikirudi kambini kwa wafanyakazi nilipita katikati ya wanawake waliotoka kuchuma maua kama vile sitaki waniguse. Miaka ile ya hamsini yaya alikuwa na maringo, na mimi nilizidi. Haya sijawahi kumsimulia mtu. Nayasema sasa kwa sababu wale niliowakosea wote wametangulia, na hilo nalo ni woga tu.

Mtoto niliyemlea alikuwa na pumu. Alipoonwa na daktari wa Nakuru, memsahib, mama yake, alirudi na maagizo: zulia litolewe, paka asiingie chumbani, maua ya kwenye chupa yatupwe, vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji wala si kwa ufagio. Na zaidi ya yote, mto wa manyoya ya bata utoke. "Huu choma," akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha. Nikavitoa vyote kwa mikono hii. Baada ya siku chache mtoto alikuwa anakimbizana na mbwa kwenye nyasi na kifua kimenyamaza. Kwa hiyo mtu asinitetee kwamba sikujua. Pale kambini hakuna aliyejua kunishinda.

Lakini mto wenyewe sasa! Mlaini, mweupe, una utepe pembeni. Niuchome mimi, ambaye kwetu tulilalia gunia lililokunjwa? Nikaufunga kwenye shuka kuukuu nikampelekea mama mkwe. Yeye pia alikuwa na pumu, ile ya kuja na kwenda, hasa wakati wa baridi. Nikajiambia ugonjwa wa wazungu ni wa wazungu, wetu unaletwa na baridi. Upuuzi mtupu. Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuwa hajanikubali, aliniita "yule wa aproni," na nilitaka anisifu.

Na alinisifu, woi! Alizunguka na ule mto kambi nzima. "Njooni muguse! Mke wa mwanangu amenilaza kama malkia!" Kuanzia siku hiyo akaniita mwanangu.

Wiki mbili hazikuisha. Asubuhi tukawa tunamkuta ameketi mlangoni, mabega yamepanda hadi masikioni, kifua kinapiga filimbi. Kila mtu akawa daktari. Mara ni umande, mara ni mbuzi wanaolala ndani, mara ni vumbi la pareto ikikaushwa. Mbuzi wakatolewa. Mimi nami nikatoa maoni yangu kama wengine, ati achemshiwe majani ya mkaratusi. Mdomo huu!

Asubuhi moja midomo yake ikawa ya rangi ya majivu na hakuweza kumaliza neno. Trekta ya shamba ikatupeleka Nakuru, nimemshikilia mgongo njia nzima, naomba Mungu asimchukue. Hospitalini akapata nafuu siku ile ile. Nesi akaniita kando. "Mama, nyumbani kuna kitu kipya? Kuku ndani, godoro, mto?" Haki ya Mungu, alilitaja neno lenyewe. Nikafikiria: nikisema, memsahib atajua sikuchoma, kazi itaisha, na mama mkwe atajua ni mkono gani uliomfikisha hapa. Nikajibu, "Ni moshi tu. Wifi yangu anapika ndani, na kuni ni mbichi."

Nesi hakukosea kuniamini, maana moshi kweli hupandisha pumu. Akaagiza jiko litoke nyumbani kabisa. Mume wangu akamwambia dada yake mbele ya majirani, tena kwa ukali. Ilikuwa katikati ya mvua ndefu. Akahamishia mawe yake matatu chini ya mti nyuma ya nyumba, akawa anasonga ugali amejifunika gunia kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni. Mimi nikipita kwenda kazini nilimwambia, "Pole, wifi." Naye aliniambia asante.

Kabla mama mkwe hajarudi niliuchoma mto nyuma ya zizi la ndama. Manyoya yakiungua yananuka vibaya sana. Nikasema panya walikuwa wamezaa ndani yake. Mama mkwe aliusikitikia kidogo, akakunja gunia lake, akalala, akaamka anapumua. Mwezi ukapita. Akaanza kwenda kuteka maji mwenyewe, na kwenye kile kilima ananiacha nyuma. Kambi nzima ikasema ni jiko, mnaona, ni lile jiko.

Jumapili moja akasimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi kwa kumwambia nesi ukweli. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Nilitamani sakafu ifunguke.

Tulipotoka nje wifi akanivuta nyuma ya kanisa. Alikuwa amekonda, na mvua ilikuwa imemwachia kikohozi chake mwenyewe. "Wifi," akasema, "kumbe ni mimi nilikuwa namuua mama yangu. Kila siku, nikimpikia." Akaanza kulia kwa sauti, ile ya mtu aliyefiwa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, nakuapia. Nikamkumbatia, nikampangusa machozi kwa kiganja changu, nikamwambia, "Nyamaza, wifi. Wewe hukujua."