Jumatano za Kuweka Mkasi Chini

Je, nikiondoka nusu siku na kazi ikaenda vizuri bila mimi? Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha karakana ya baba. Mchana niliogopa kinyume chake, kwamba nikigeuka tu kila kitu kitaharibika. Lakini nikishalala, hofu iliyokuja ni ile nyingine: kwamba mafundi wangu saba wangeshona, wangecheka, wangefunga mlango jioni, na hakuna ambaye angegundua kwamba binti mwenye digrii hakuwepo.

Karakana ilikuwa Nateete, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nyuma ya soko, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Tulishona sare za shule. Baba alikuja Uganda kutoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akashona suruali kwenye varanda za watu, akafunga kazi wakati wa vita, akafungua tena vilipokwisha. Miaka ile shule zilikuwa zinaamka moja baada ya nyingine na kila moja ilitaka rangi yake. Nayaona bado yale majora yaliyopangwa hadi darini, ya buluu, ya kijani, ya zambarau, na nasikia harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na chai ya maziwa. Mle ndani tulizungumza Kiswahili. Wateja wengine walishtuka wakiingia, kwa kuwa lugha hiyo walikuwa wameizoea zaidi kwenye vizuizi vya askari barabarani kuliko dukani. Baba aliwakaribisha kwa upole uliopita kiasi, kana kwamba anaomba radhi kwa niaba ya lugha nzima.

Kukata kitambaa ilikuwa kazi yake. Anayeshona akikosea hufumua. Anayekata akikosea hana cha kufumua. Lakini kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, aliuweka mkasi mkubwa mbele ya fundi wake mkuu na kwenda zake. Fundi huyo alikuwa mama wa Kinubi, mjukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Wote tulimwita Hajati ingawa Maka alikuwa hajafika. Alisema jina limetangulia, yeye atafuata.

Baba alikwenda uwanja wa mpira wa Nakivubo kutazama timu zikifanya mazoezi. Mechi hakuzipenda. Wakati wa likizo alinichukua, tukakaa kwenye ngazi za saruji zenye joto la jua, tukala karanga kutoka kwenye karatasi iliyosokotwa.

"Baba, kwa nini huji siku ya mechi?"

"Siku ya mechi kuna anayefungwa. Leo hakuna anayefungwa."

Saa nzima alikuwa akitafuna karanga. Halafu, bila kuondoa macho uwanjani, alisema kitu kama hiki: "Yule fundi wa mlangoni, kazi anaisogeza karibu na pua. Macho yake yamechoka na anaogopa kusema. Kesho tumhamishie dirishani."

"Umejuaje, na tuko huku?"

"Nikiwa kule naona kitambaa tu."

Sikuelewa. Nilipofika chuo kikuu na kuanza kusoma mambo ya biashara, hata nilimwonea aibu kidogo. Kwenye madaftari yangu hapakuwa na sura inayohusu mwenye mali kwenda kutazama watu wakikimbia kuzunguka koni.

Nilipohitimu, kazi za ofisini hazikupatikana. Wazazi wangu walikuwa wameamua kurudi nyumbani Kenya, na baba akaniachia funguo. Hakuniachia maagizo, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Nikayatunga mwenyewe. Nilifungua mapema kuliko yeye na kufunga baada yake. Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja hadi Nateete. Nilikula nimesimama. Mkasi sikumwachia mtu. Hajati aliniuliza mara moja tu, "Na Jumatano, binti yangu?" Nikamjibu kwamba mambo yamebadilika.

Ukaja msimu wa kufungua shule, na pamoja nao kazi kubwa ya kaptula za kaki. Kaki ina uso na ina mgongo; uso una mistari myembamba ya mshazari, mgongo hauna. Ukitandika tabaka juu ya tabaka ili ukate nyingi kwa pamoja, lazima vitambaa viangaliane, uso kwa uso, upate mguu wa kulia na wa kushoto. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini asubuhi ile nilikuwa nafikiria vifungo, na mvua, na kama mwalimu mkuu wa shule iliyoagiza alinuna nilipomsalimu au ndivyo uso wake ulivyo.

Hajati alipita karibu na meza. "Binti yangu, vyote umevitandika uso juu. Geuza kimoja kimoja."

"Najua ninachofanya, Hajati."

"Sijasema hujui. Nimesema geuza."

"Nani mwenye karakana hapa?"

Hajati alirudi kwenye kiti chake. Nami nikakata jora zima.

Baada ya chakula cha mchana, fundi mmoja Mganda, mcheshi kuliko wote, aliinua vipande viwili, akavilinganisha, akachukua vingine viwili. "Banange! Madamu, hii shule watoto yake iko na mguu moja?"

Yote ilikuwa miguu ya kushoto. Watu walicheka hadi kushika mbavu, na laiti ningecheka nao. Badala yake nilisema kwa sauti kwamba Hajati aliona, akaniacha makusudi nikate, ili nidhalilike.

Kicheko kilikatika. Hajati alikunja kazi yake taratibu, akavua futi ya kupimia shingoni.

"Baba yako ameniachia mkasi miaka yote ile," alisema. "Hajaniita adui hata siku moja."

Akatoka. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakihatarisha. Kaptula zingepatikana tena. Huyu ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano, na mafundi wengine walimtazama yeye kabla ya kunitazama mimi. Asiporudi, nao wangeondoka mmoja mmoja, na ningebaki na cherehani.

Siku mbili niliandika barua ya kuomba radhi. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili fupi kama ya kumfukuza mtu kazi. Nilipokuwa kwenye ya nne, yule mcheshi alichungulia begani kwangu.

"Barua? Hajati iko Kyebando, si Amerika. Enda, Madamu."

"Na kazi?"

"Kazi iko. Wewe enda."

Nikaenda, katikati ya siku, katikati ya msimu. Nilimkuta uani anasuka kawa ya kufunikia chakula, nyekundu na manjano. Nilianza kusema yale niliyoyaandika, yakanipotea, nikasema tu, "Nimekukosea, Hajati. Uliniambia ukweli, nami nikakusingizia."

Alisuka mzunguko mmoja kabla ya kujibu. "Kazini umemwacha nani?"

"Sikumwacha mtu."

"Basi wanafanya nini sasa hivi?"

"Sijui."

"Wanashona. Mimi nawajua." Akanitazama. "Hofu yako ni wakosee, au wasikosee?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote swali langu lile la usiku. Nilikaa kwenye mkeka, nikasema, "Wasikosee."

Alicheka hadi kawa ikamtoka mikononi. "Baba yako vilevile! Jumatano ya kwanza alirudi mara mbili, ati amesahau kofia. Na kofia amevaa! Mara ya pili tukamfukuza. Unafikiri alizaliwa anajua kupumzika? Alianza baada ya kumfokea fundi mmoja akalia. Akaniambia, Hajati, nimechoka mpaka siwaoni watu."

Hilo baba hakunisimulia kamwe. Kumbe zile ngazi za saruji zilikuwa sehemu ya kazi yake.

"Utarudi?" nikamuuliza.

"Kwa mtu ambaye haondoki, hapana. Macho yako yakiwa mgongoni kwangu kutwa nzima, siwezi." Kisha, akiokota kawa yake: "Na ile miguu ya kushoto usitupe. Kata mingine ya kulia, sawasawa na hiyo. Shule za kaki ni nyingi."

Nilirudi Nateete kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikijadiliana na nafsi yangu. Jumatano zilikuwa za baba, na mpira siupendi. Nikachagua Alhamisi. Njiani niliongeza jambo ambalo yeye hakulifanya: kila fundi naye achague nusu siku yake kwa juma, na asiulizwe anakokwenda.

Nilimpelekea Hajati habari, na Alhamisi iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake. Tulipomaliza kula niliwatangazia wote, kwa maneno machache kuliko nilivyokusudia. Yule mcheshi akadai Jumatatu asubuhi kabla sijamaliza. Nilimkabidhi Hajati meza ya kukatia na funguo za mlango, nikachukua mkoba wangu, nikatoka kabla sijaanza kueleza.