Waya Chini ya Mchanga

Hebu mfikirie anavyofika. Haji na king'ora wala gari la polisi. Anakuja kwa pikipiki yake mwenyewe, kuukuu, ya buluu, mwendo wa mtu anayekwenda dukani kununua chumvi, na nyuma amefunga kapu la ukindu. Kapuni mna chaki, utepe wa kupimia, daftari, kibanio cha kutolea miiba na chupa tupu ya jemu. Anashuka mbali, hatua thelathini kabla ya kufika penye ajali, na hizo hatua thelathini anazitembea kichwa chini, mikono nyuma, hamsalimu mtu.

Huyo ndiye Sajini Honorine Toé, mpimaji wa ajali wa kituo cha upande wa bwawa, hapa Wagadugu. Asubuhi hiyo mzee Raogo Nikiéma alimwona akija, akiwa amesimama kando ya teksi yake.

Raogo alikuwa na mwaka wa thelathini na moja katika teksi ya kijani. Muda wote huo hakuwahi kugusa hata mbuzi. Alikuwa akijisifu kwa hilo pale wanapooshea magari, na wenzake wakimwambia anyamaze, ataiita balaa. Sasa mlango wake wa kulia ulikuwa umebonyea kama sufuria lililoangushwa, na barabara nzima ilikuwa imetapakaa saladi mbichi.

Ilikuwa hivi. Kabla jua halijachomoza, Raogo alikuwa akikata kushoto kuingia njia ya sokoni. Pikipiki ikatokea mbele yake, ikaingia kwenye mlango wake. Aliyekuwa akiiendesha ni Rasmata, mama wa bustani za bwawani, anapeleka saladi zake sokoni. Mguu ulivunjika, akazimia, na watu wa zimamoto wakamchukua.

Basi yote yalisimama juu ya jambo moja. Hapa magari hupita kulia, na anayekata kushoto humpisha anayekuja mbele yake, hilo kila mtu analijua. Lakini anayekuja gizani bila taa utampishaje? Kama taa ya Rasmata haikuwaka, kosa ni la Rasmata. Kama iliwaka, kosa ni la Raogo, na Raogo ataacha leseni yake kituoni na huenda akaonja jela uzeeni. Naye Raogo hakuona taa. Angeapia kichwa cha mama yake. Kwenye karatasi aliyopewa na polisi wa kwanza kufika alikuwa ameshaandika mstari mmoja: Pikipiki haikuwa na taa. Alikuwa bado hajatia sahihi.

"Hao wa teksi wote husema hivyo," alisema Yamba, shemeji yake Rasmata, ambaye alikuwa amekuja mbio na kandambili za watu wawili tofauti. "Hawaoni taa, hawaoni watu, wanaona abiria tu. Mzee, nguo zako nyeupe. Shemeji yangu ametapakaa damu, wewe nguo zako nyeupe."

Watu walikuwa wamejaa, na wote upande wao ulikuwa mmoja. Hapa gari likigongana na pikipiki, mwenye gari ana kosa kabla hajashuka. Mmoja alikuwa ameshachomoa funguo za teksi. Wawili walikuwa wameanza kuitikisa.

Sajini Toé alipita katikati yao kana kwamba anapita kwenye mahindi.

"Teksi ya nani?"

"Yangu, sajini."

"Jina."

"Nikiéma Raogo."

Akamtazama toka kofia hadi ndala. "Mmosi."

"Mmosi."

"Nilijua. Barabara pana namna hii, ni Mmosi tu anayeweza kukosa pa kupita. Unajua wewe ni mtumwa wangu?"

Mdomo wa Raogo ulijibu wenyewe, maana yeye ni wa kabila la Wamosi na sajini ni wa Wasamo, na Mmosi haachi kumjibu Msamo hata akiwa anakata roho. "Mtumwa wa nani? Ninyi Wasamo wala vichwa vya mbwa, nani aliwavisha sare?"

Mtu mmoja akacheka puani. Kisha wengine. Waliokuwa wakitikisa teksi wakaacha, wakabaki wameishika tu, kama watu waliosahau walichofuata. Watani hao, utani wao ni wa tangu babu wa babu, wa msibani na wa arusini, na mtani akishamwita mtu mtumwa wake mbele za watu, hakuna mwingine wa kumgusa.

"Rudisheni funguo za mtumwa wangu," akasema sajini bila kupaza sauti. Zikarudi.

Ndipo akapiga magoti mbele ya pikipiki. Kioo cha taa ya mbele kilikuwa kimesagika, swichi imesagika, na balbu haimo. Akatazama chini. Na chini palikuwa na mchanga, mchanga mwekundu, safi, umetandazwa vizuri kama kitanda cha mgeni.

Wanawake wa mtaa walikuwa wameumwaga. Damu ya mtu haiachwi wazi ikanyagwe na magurudumu. Huletwa mchanga kwa beseni, ikafunikwa, na ikishafunikwa haifunuliwi. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu barabara hii ikiwa ya punda, na hawakuwaza kwamba chini ya damu pangekuwa na kitu kingine.

"Nahitaji kuutoa huu," akasema sajini.

"Hautoki," akasema Yamba. "Damu ya shemeji yangu imeshalazwa."

"Wewe ni nani?"

"Yamba Kaboré."

"Mmosi mwingine. Mungu wangu, leo nimeamkia upande gani." Akavua kofia yake ya polisi, akamshikisha mzee Raogo, na mbele ya watu wote, na malori yakipiga honi, akalala chali barabarani kando ya ule mchanga, sare na yote, mikono kifuani.

"Nimekufa," akasema. "Wamosi wameniua kwa ubishi. Nipeni kola yangu, au mnizike hapa hapa, nyanya zenu wapate mahali pa kujikwaa."

Raogo alikuwa ameona watani wakifanya hivyo makaburini, wakijitupa shimoni mpaka wafiwa wacheke na kutoa kola, zile kokwa chungu za kutafuna. Hakuwahi kuona ikifanywa katikati ya lami. Mama muuza uji wa mtama alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa kanga. Yamba alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa nusu ya kola, akamwekea kiganjani.

"Inuka basi, mla mbwa. Chimba. Lakini utaurudisha."

"Nitaurudisha kwa mkono wangu."

Akaazima chekecheo la uji, akaanza. Konzi moja ya mchanga, anachekecha, anaumwaga kwenye beseni, konzi nyingine.  Honi zilinyamaza. Raogo, kofia ya polisi mikononi, aliusikia ule mchanga ukishuka.

Na akakumbuka wanayosimulia madereva pale wanapooshea magari. Kwamba sajini huyu hajawahi kuendesha gari. Kwamba zamani, akiwa mgeni kazini, alimwamini dereva mmoja mwenye machozi mengi, akampa haki, halafu ikajulikana alidanganya, na usingizi ukamtoroka sajini mwezi mzima. Baada ya hapo akaenda kwa mafundi wote wa mtaani kukusanya balbu kuukuu. Akawa kila jioni barazani kwake anaunganisha balbu na betri, anaiwasha, anaivunja kwa nyundo. Anachukua nyingine, haiwashi, anaivunja. Arobaini zilizowaka na arobaini zilizozimwa. Mama mkwe wake akatuma ujumbe Tougan, kwa wazazi wa sajini, kwamba mtoto wenu amerukwa na akili, njooni mmchukue. Hawakuja. Akaendelea kuvunja, akitazama kila waya, mpaka akajua.

Raogo alikuwa akiyacheka maneno hayo. Asubuhi hiyo hakuyacheka.

"Tulia hapo," sajini akaliambia chekecheo.

Kibanio kikashuka, kikapanda. Kilichoshikwa kilikuwa kitako cha balbu, kipana kama kucha ya kidole gumba, na juu yake uzi wa waya mwembamba kuliko unywele. Akaupuliza. Akauinua mbele ya jua, ambalo sasa lilikuwa limetoka kabisa.

"Njoo, mzee. Na wewe, Kaboré. Muone wote wawili, baadaye nisije nikaambiwa Msamo amewaroga."

Wakasogeza vichwa mpaka vikakaribia kugongana.

"Waya wa taa iliyozimwa ni mkavu. Ukipigwa unakatika pwaa, mweupe, unang'aa kama sindano mpya. Waya wa taa inayowaka ni moto, ni laini kama tambi. Ukipigwa haukatiki. Unanyooka, unavutika. Na kioo kikipasuka hewa inaingia, inauchoma, unageuka mweusi."

Ule waya ulikuwa umevutika kuelekea mbele, umepinda kama mkunjo wa nyasi zilizolazwa na upepo, na ulikuwa mweusi mwanzo hadi mwisho.

"Iliwaka," akasema Yamba polepole, si kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Raogo hakuweza kuondoa macho. Kitu kile, kidogo kuliko kope, kilikuwa kimeshika asubuhi yote. Kilikuwa pale alipokata kona, kikimulika uso wake, kikamwona yeye wakati yeye hakioni, na hakikusahau. Watu mia walikuwa wamepiga kelele saa nzima na hakuna aliyejua. Kilichojua kilikuwa kimelala chini ya damu, kinangoja mtu mwenye subira ya kuchekecha.

"Sajini," akasema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Mimi sikuiona. Wallahi sikuiona."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekutazama tangu nifike. Mwongo huwa anatazama mikono yangu. Wewe ulikuwa unatazama mchanga." Akautia waya kwenye chupa ya jemu, akafunga kifuniko. "Macho yako yakapimwe, mzee. Hilo ni jambo la daktari, si langu."

Simu ya Yamba ikalia. Akasikiliza, akageuka. "Ameamka. Anauliza nani ameokota saladi zake."

"Mwambie zimo kwenye beseni langu," akasema mama wa uji. "Zimeoshwa."

Sajini Toé alikuwa ameshapiga magoti tena. Aliurudisha mchanga konzi kwa konzi kama alivyoahidi, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukawa kama alivyoukuta. Kisha akachukua kofia yake kwa Raogo, na badala yake akamwekea ile karatasi yenye mstari mmoja, na kalamu.

"Hujatia sahihi," akasema. "Utani umeishia kwenye teksi yako, mtumwa wangu, hapa haufiki. Mimi nitaandika nilichopima. Wewe andika chako. Ukitaka kufuta, futa, nafasi ipo."

Raogo akaiweka karatasi juu ya boneti. Pikipiki haikuwa na taa. Hakuwa amesema uongo alipouandika. Alisoma mstari huo, akatazama chupa ya jemu, akatazama njia panda, mahali ambapo mwanga ulikuja ukampiga usoni naye akaona giza. Kalamu ilikuwa mkononi. Watu walingoja, na sajini hakumharakisha.

Nawe ungekuwa umeishika kalamu ile, ungeandika nini?