Gurudumu la Nyuma Kushoto

Mafuta ya breki yana harufu yake, kama kambale aliyesahauliwa kikapuni halafu akanyunyiziwa sukari. Asubuhi ile niliinusa kabla sijaliona gari la shule. Lilikuwa limesimama kando ya barabara karibu na kwetu, watoto wamo ndani na mabegi mapajani, dereva anakanyaga pedali, na fundi amelala chali juu ya boksi anatoa upepo kwenye breki. Wiki nzima nilikuwa nimemwona dereva yule akikanyaga mara tatu ndipo gari lisimame, nikajiambia labda naona vibaya. Siku hiyo subira ikaniishia. Nilimuuliza fundi ameanzia tairi lipi. “Hili hapa, dada,” akaligonga la mbele kulia. Na la nyuma kushoto? “Hilo halina shida.” Dereva akachungulia dirishani, anacheka: “Mama Tumaini, kwani wewe umesomea jikoni au gereji?” Nikamjibu, “Gereji,” nikafungua mlango, nikamshusha mwanangu. Nikawaambia na wengine washuke. Fundi akaokota boksi lake, dereva akaufunga mlango kwa nguvu, akasema watoto wana mtihani, akaondoka nao. Kati ya kwetu na shule kuna reli, na pale inapovuka barabara hakuna kizuizi.

Sikusema gereji kwa utani. Nilipokuwa darasa la tatu, wazazi wangu walihamia shamba ng'ambo ya mto kama walivyofanya kila msimu, wakaishi kwenye dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mpunga usiliwe na ndege. Sisi wenye shule tuligawanywa kwa ndugu hapa Ifakara. Mimi nilikwenda kwa mjomba Fidelis, kaka yake mama, ambaye gereji yake ilikuwa mabati matano na nguzo nne nyuma ya soko. Nakumbuka mashine za kukoboa zikinguruma tangu asubuhi, vumbi la pumba likitua hata kwenye uji, na magari yakirudi kutoka mashambani yamepakwa tope mpaka kwenye vioo. Tope na maji viliua breki kuliko kitu kingine chochote. Nikitoka shule nilivua viatu, nikapanda kwenye kiti cha dereva, na kazi yangu ikawa kukanyaga.

Mjomba alikuwa mtu wa kushuku. Alimshuku muuza mafuta, alimshuku mteja, hata spana aliihesabu mara mbili. Lakini breki ndiyo aliyoishuku kuliko vyote. Alifunga mpira mwembamba kwenye nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta ya breki, kisha akapaza sauti kutoka chini: “Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!” Nami najibu, “Nimeshika!” Akilegeza nati, pedali inashuka taratibu na mapovu yanatoka chupani. Hapo huruhusiwi kuinua mguu mpaka akaze nati na kusema “Achia,” maana ukiwahi, upepo unarudi ulikotoka. Na daima alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki. Magari yetu usukani uko kulia na pampu iko mbele ya dereva, kwa hiyo alianza nyuma kushoto, akaja nyuma kulia, akaenda mbele kushoto, akamalizia mbele kulia. “Ni kama kufagia nyumba,” aliniambia. “Unaanza chumba cha ndani, unakuja mlangoni. Ukianza mlangoni umefagia nini?”

Siku moja akaanza mlangoni. Ilikuja pikapu ya mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa na ng'ombe na mashamba huko ng'ambo, na alikuwa anakimbilia kivuko akachukue mpunga wake kabla mvua haijarudi. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limezama kwenye dimbwi la tope palepale gereji. Mjomba alilitazama, akasonya, akaanza na la mbele kulia. Hilo la topeni alilifanya mwisho, akiwa amechuchumaa, mkono mmoja ndani ya maji machafu, mapovu hata hayaoni vizuri. Kisha akauliza, “Imekaza?” Mguu wangu ulikuwa umezama na pedali kama nimekanyaga tope la jaruba la mpunga. Nilikuwa na njaa, na mzee Masanja amesimama dirishani ananihimiza: “Haya mjukuu wangu, tupishe, kivuko hakingoji mtu.” Nikasema, “Imekaza, mjomba.” Mtu aliyeshuku dunia nzima akaniamini mimi.

Kwenye mteremko wa kushukia kivukoni pedali ilikwenda mpaka chini. Mzee Masanja alikata kona akaingia kwenye matete ili asitumbukie mtoni pamoja na watu waliokuwa wanasubiri kivuko. Utingo wake alirushwa, akavunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Mjomba alikwenda kumwona hospitali, akarudi, akakaa kwenye tairi bovu, akasema, “Nilianza vibaya.” Hakuniuliza chochote. Sijui kama ni mpangilio uliotuangusha au ni ulimi wangu. Mjomba sasa ni mzee, amerudi Mahenge, na kila nikimpigia simu namwambia shikamoo na habari za watoto, basi, nakata simu kabla sijamwambia kuwa pedali haikuwa imekaza.

Siku hizi kivuko hakipo, kuna daraja, na watu wanavuka wanachati. Magari ya watoto yana vibandiko vya ukaguzi kwenye kioo. Zamani nilikuwa naogopa tope. Sasa naogopa hivyo vibandiko, maana watu wakishaviona hawaangalii tena chini. Cha gari letu kimepauka na tarehe yake haisomeki, na nashuku kuna mtu anafurahi kuwa haisomeki. Asubuhi ile gari lilifika salama. Nilipomfuata mwalimu mkuu shuleni alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akasema, “Mama, ajali haina kinga.” Nikamwambia mwalimu, kinga ipo, inaanzia nyuma kushoto. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtu mwenye homa. Dereva alikuwa mlangoni, akadakia: “Si imekaza, mama!” Nilijua kabisa mtu anavyoitamka hiyo “imekaza” akiwa anataka tu uondoke. Nikatoka, nikanunua karatasi, nikamwandikia mwalimu mkuu barua. Nakala ya pili niliipeleka kwa mkuu wa usalama barabarani, na kote nilisubiri mpaka wagonge muhuri kwenye nakala yangu. Niliandika hivi:

“YAH: MALALAMIKO KUHUSU BREKI ZA GARI LA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nimeshuhudia gari la shule likitolewa upepo kwenye breki kwa gurudumu moja tu la mbele, barabarani, watoto wakiwa ndani, kisha likaendeshwa bila kujaribiwa. Naomba lisimamishwe hadi magurudumu yote manne yafanyiwe kazi kwa mpangilio sahihi na mkaguzi athibitishe kwa maandishi. Sitapokea jibu la mdomo.

Hadi hapo nitamleta mtoto wangu kwa baiskeli. Akichelewa, naomba asichapwe.”