Miwani Aliyoijaribu Mama

Siku ya kuchagua miwani ya kuzamia nilikwenda na mama, mfinyanzi wa vyungu hapa Matema, kando ya ziwa. Kwa ushamba wangu nilichukua nyekundu, kwa ajili ya rangi tu. Mama akaijaza maji, akaiinua kuangalia kama inavuja, kama anavyofanya na vyungu vyake. Mwalimu wangu wa kuzamia akacheka. Alisema miwani hujaribiwa usoni: unavuta pumzi kwa pua, unaachia mikono. Nyekundu ikaanguka. Nyeusi, ingawa haikuwa nzuri, ikaning'ang'ania. Mama naye akaivaa, akaingia ziwani hadi kiunoni, akainamisha uso. Alikawia.

"Miaka yote nawakaanga samaki hawa," alisema alipoinuka, "leo ndiyo nawaona wakicheza."

Mafunzo nilianza kesho yake. Siku ile ya kuichagua, miwani ilikuwa ya mama.