Kabuti Kando ya Jiko

Mlinzi wa hii lojing'i ninayolala hapa Naro Moru ameanika kabuti lake lililolowa kando ya jiko, na harufu yake inanirudisha kwenye kambi ya polisi nilimokulia.

Mama alikuwa polisi wa kizuizi cha barabarani. Wiki za zamu ya usiku alifika nyumbani nikienda shule, na nikirudi alikuwa bado amelala, kabuti juu ya blanketi. Akiamka, ni kuvaa na kuondoka.

Siku moja mwalimu alinirudisha mapema. Nikaketi kitandani, miguuni pa mama. Jirani tuliyegawana naye nyumba alinong'ona nyuma ya pazia, "Wee, wacha afande alale. Anaingia kazi jioni."

"Niko na kitu ya kumwambia."

"Ati kitu? Basi mwambie polepole."

Nikainama mpaka pua ikagusa kabuti. "Mama, mwalimu amesema nisirudi shule bila wewe. Kesho utakuja?"

Mkono wake ulichomoka ukapunga hewani, macho yamefumbwa.

"Haya, endelea na safari," akasema, kwa sauti ya barabarani.

Jirani alicheka. Mimi nilingoja aseme lingine, na mkono ulibaki umenyooka, ukielekea mlangoni.